Mjadala: Nyumba ya mizimu ya sikukuu hapa Mwanza, mlangoni akae mwenye bunduki au asikae?

MLETA MADA (Nyegezi)

Wakuu, habari za jioni. Juzi nimekuta bango limebandikwa kwenye nguzo ya umeme pale Mkuyuni. Vijana fulani wa hapa mjini wamekodi ghala lililokuwa la samaki zamani, kando ya ziwa, na kuanzia wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya wataligeuza nyumba ya mizimu. Unalipa elfu kumi, unaingia gizani, unatishwa na watu waliojipaka masizi na damu ya rangi, unatokea upande wa pili ukicheka au ukilia. Wamarekani wanafanya haya kila Oktoba kuelekea Halloween, tarehe 31, na sasa yametufikia. Sina ugomvi nayo. Kuogopeshwa kwa raha hatukuanza leo. Aliyekulia Kisesa aseme kama hajawahi kujificha kwenye khanga ya mama yake siku ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Bayeye, wale wacheza nyoka, walipotoka na chatu shingoni.

Kilichonisimamisha ni mstari wa chini kabisa, kwa herufi nyekundu: ULINZI WA UHAKIKA, WALINZI WENYE SILAHA. Jirani yangu akasema afadhali, sasa hata watoto naweza kuwapeleka. Mimi nikasema kwa mstari huohuo wangu hawaendi. Tumebishana mpaka supu ikapoa, ndiyo maana naileta hapa.

Hoja yangu ni moja. Mlinzi anafanya kazi kwa masikio kabla ya macho. Dukani, mnadani, mtu akipiga yowe ujue kuna jambo. Huku Usukumani ulinzi wote ulisimama juu ya yowe: mwano ukipigwa kijiji kizima kinatoka, na sungusungu wa miaka ya 1980 waliwakimbiza wezi wa ng'ombe kwa utaratibu huohuo. Sasa nyumba ya mizimu inauza yowe. Watu wamelipa ili wapige kelele. Anatoka binti mbio, viatu mkononi, nyuma yake jamaa mwenye panga na uso uliolowa damu. Mlinzi aliyeingia lindo saa kumi na mbili, ana usingizi, ana njaa, atajuaje kwamba panga lile ni la boksi?

Na hata la boksi si la boksi siku zote. Oktoba 2018, kwenye nyumba ya vitisho jirani na Nashville, jimbo la Tennessee, mtu mwenye barakoa alimpa mgeni mmoja kisu. Mgeni akadhani ni cha maigizo, akamchoma rafiki yake mkononi. Kilikuwa kisu kweli. Mwaka 1992 kule Baton Rouge, Louisiana, kijana wa Kijapani wa miaka 16 aliyekuwa anasoma huko alikosea nyumba akienda kwenye sherehe ya Halloween. Mwenye nyumba akaingiwa na hofu, akampiga risasi, akafa. Hofu na bunduki havitakiwi kukaa chumba kimoja, na hapa tunauza hofu kwa tiketi.

Karibuni.

WAKALA WA IGOMA

Mkuu, umeandika kama mtu ambaye hajawahi kufunga biashara saa tano usiku. Mimi nina kibanda cha kutoa na kuweka pesa. Mwaka jana walikuja wawili na bodaboda, yule wa nyuma hata kofia ya pikipiki hakuivua. Aliweka panga juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayeweka simu achaji. Sikupiga yowe. Nani angetoka? Sungusungu unaowasifia siku hizi tunawachangia buku mbili kwa mwezi na usiku ule sikuwaona.

Sasa piga hesabu. Watu 300 kwa elfu kumi ni milioni tatu kwa usiku mmoja, ziko kwenye ndoo mlangoni, kando ya ziwa, na mtumbwi ukiondoka gizani humkamati mtu. Bunduki pale si ya kumpiga mtu. Ni ya kuonekana. Mwizi akiiona anaenda kwa mwingine. Hebu niambie ungeweka nini badala yake, filimbi?

MAMA WATATU, BUHONGWA

Kaka wa Igoma, pole kwa yaliyokupata. Lakini mnasahau kitu gani huwa kinaua watoto wetu sikukuu. Mwaka 2008, Idd el Fitr, Tabora mjini, watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko toto. Hawakuvamiwa na jambazi. Walijazwa, hewa ikaisha, wakakanyagana. Ndiyo maana kila sikukuu ikikaribia unamsikia kamanda wa polisi wa mkoa huu na ule akitangaza disko toto marufuku. Mimi nikifika mlangoni sitauliza bunduki iko wapi. Nitauliza ndani wamo wangapi.

MWANACHUO, MALIMBE

Naongezea kwa mama. Seoul, Korea Kusini, 29 Oktoba 2022, wikendi ya Halloween hiyohiyo. Watu 159 walikufa wamebanana kwenye kichochoro cha mteremko. Risasi hata moja haikulia.

WAKALA WA IGOMA

Dogo, malizia habari. Lawama kubwa kule ilikuwa kwamba polisi walikuwa wachache na simu za watu hazikushughulikiwa mapema. Umenisaidia mimi, hukumsaidia mleta mada. Walinzi walitakiwa wawe wengi.

MWANACHUO, MALIMBE

Wengi, sawa. Wenye bunduki? Msongamano unautishia bunduki ili iweje?

MZEE WA LINDO, MABATINI

Wanangu, nimesoma yote, ngoja niseme ninachokijua. Nimelinda miaka 11, na 8 kati yake nilikuwa na bunduki begani. Ilikuwa ya marisau. Risasi tano, unahesabiwa jioni, unahesabiwa asubuhi, unaweka sahihi kwenye daftari. Ikipungua moja unalala ndani mpaka ieleweke ilikokwenda, maana silaha ni ya kampuni kwa leseni na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina utani. Mafunzo yangu ya kulenga yalikuwa siku mbili na risasi tatu, ubao uko hatua ishirini, mchana kweupe, kimya. Marisau nayo hayachagui. Ukifyatua yanatawanyika. Ukimlenga mwizi aliye mbele ya foleni ya tiketi, umeilenga foleni.

Lakini sikutaka kusema habari ya kufyatua. Kwa miaka 8 sikuwahi kufyatua hata mara moja. Nataka kusema habari ya kusimama.

Desemba moja nilipangwa ukumbi wa sherehe, siutaji. Bosi akaniambia simama katikati ya mlango, uonekane. Nikasimama. Saa nne usiku transfoma ya nje ikalipuka, puu, taa zikazima. Watu wakaja mlangoni kwa mbio. Wa mbele walipofika na kuniona kwa mwanga wa simu, mtu mrefu, koti jeusi, bunduki, wakageuka. Wakarudi ndani. Nyuma yao kuna mia mbili wanaotaka kutoka. Nasikia mpaka leo ule mlio, si yowe, ni kama gunia likiburutwa. Mama mmoja alivunjika kiwiko, na meza ya keki ikawaangukia watoto wawili. Mimi sikuinua bunduki. Sikusema neno. Kusimama kwangu kulitosha.

Wakala, unasema bunduki ni ya kuonekana. Ni kweli, lakini haichagui inaonwa na nani. Mwizi anaiona na mtoto anaiona.

MDAU, ALIYEKO OHIO

Mzee shikamoo. Hilo la kusimama limenigusa, kwa sababu mimi nimekuwa upande wa pili. Niko huku mwaka wa sita, na Oktoba mbili nilifanya kibarua kwenye nyumba za namna hiyo, ndani ya shamba la mahindi. Nilikuwa maiti. Nakaa kwenye jeneza, kikundi kikifika nainuka. Msimu wa kwanza nilipigwa ngumi mara nne, na wote walionipiga waliomba radhi kabla sijafuta damu ya puani, ya kweli safari hii. Mtu akishtuka mkono unakwenda wenyewe. Nawaza mkono ule ungekuwa umeshika nini.

Walinzi wenye bastola walikuwepo, nisiwafiche. Polisi wawili waliokodishwa nje ya zamu zao, wanakaa kule magari yanakoegeshwa. Huku mgeni mwenyewe anaweza kuja na bastola kiunoni na sheria ikamruhusu, kwa hiyo getini kuna mashine ya kukagua vyuma, na mgeni haruhusiwi kuvaa barakoa. Wale polisi ndani hawaingii mpaka waitwe. Ndani wamo watu wengine kabisa, nguo za kawaida, tochi na redio ya mkononi, uso wazi. Mgeni akizidiwa anatamka neno moja tulilopewa wote, taa za chumba zinawaka, anatolewa kwa mlango wa pembeni. Kazi hiyo walipewa mama mmoja mwalimu mstaafu na wajukuu zake. Huyo mama alikuwa anajua yowe la raha na yowe la mtu aliyebanwa na pumu, hata ukimfumba macho.

Na kilichowafanya wawe wakali kwenye milango si wizi. Tarehe 11 Mei 1984, kule New Jersey, nyumba ya vitisho kwenye bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure iliwaka moto, vijana 8 wakafia ndani. Ilikuwa imejengwa kwa matrela yaliyounganishwa, haikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji darini. Kanuni za ujenzi za majumba haya zilibadilika baada ya hapo. Nikisikia ghala la samaki kando ya ziwa, nawaza kuta zile zilizojazwa vile vitu vya kuhifadhi baridi, vinavyoshika moto kama petroli, halafu vijana wameweka pazia nyeusi na nyaya za taa za rangi kila kona.

FUNDI UMEME, PASIANSI

Hapo kwenye nyaya mdau umesema kweli tupu. Niliitwa kutazama kazi ya namna hiyo msimu mmoja: soketi moja, matawi sita, spika mbili na mashine ya moshi. Nikawaambia wawapigie Zimamoto, 114, waje kukagua kabla sijagusa kitu. Hawakunipigia tena.

WAKALA WA IGOMA

Haya, nimemsikia mzee, na ninamheshimu. Nikubali kimoja: ndani ya nyumba bunduki isiingie, na mlangoni asisimame katikati. Lakini pesa? Mbona kila mmoja anaikwepa? Milioni tatu ni milioni tatu.

MAMA WATATU, BUHONGWA

Kaka, wewe ndiye wakala. Si waweke lipa namba? Mtu analipa kwa simu, anaonyesha ujumbe, anapigwa muhuri mkononi. Ndoo ikiwa tupu bunduki inalinda ndoo.

WAKALA WA IGOMA

Hahaha, mama unaniua biashara na unanishinda hoja kwa pigo moja. Ni kweli. Ila siku mtandao ukigoma mkesha wa mwaka mpya, mnajua wenyewe inavyokuwa, watarudi kwenye taslimu. Basi angalau pesa ikae ofisi ya pembeni, mwenye bunduki akae nayo huko, na watu wa mlangoni wawe mabaunsa wa kawaida na tochi. Sirudi nyuma zaidi ya hapo.

MZEE WA LINDO, MABATINI

Hapo mimi na wewe tumekutana. Na baunsa naye afundishwe kuhesabu. Kumi wakiingia, kumi watoke. Hiyo ndiyo kazi ya mlangoni, mengine ni misuli tu.

MLETA MADA (Nyegezi)

Wakuu, asanteni, mzee zaidi. Nimeona kubishana bila kuuliza ni kazi bure, nikapiga namba iliyo kwenye bango. Akapokea kijana mstaarabu, anajibu kwa adabu.

Nikamuuliza malipo yakoje. Akasema lipa namba ipo, ila taslimu wanaipenda zaidi kwa sababu ya makato. Nikamuuliza wanaingia wangapi kwa mkupuo. Kumi na tano, "labda watu wakizidi sana nje." Nikamuuliza ghala lina milango mingapi. Miwili, wa mbele wa kuingilia na wa nyuma wa kutokea, unaoelekea mwaloni, kule mitumbwi ya samaki inakotia nanga. Ule wa nyuma wanaufunga kwa kufuli, kikundi kikifika mwisho ndipo unafunguliwa, kwa sababu wakiuacha wazi vijana wa mwaloni wataingia bure.

Nikamuuliza ufunguo anakaa nao nani.

"Mlinzi," akasema. "Yule mwenye silaha. Ndiye tunayemwamini."

Nikamuuliza mlinzi anakaa mlango upi.

"Wa mbele, mzee. Kwenye hela."