MREJESHO: Nikikosa siku moja naacha mazoezi kabisa

Habari zenu wadau. Niliuliza kwa nini kila nikianza mazoezi, nikikosa siku moja tu naona yote yameharibika na naacha kabisa. Wengi mlijibu "jitume". Samahanini, hilo halikunisaidia. Aliyenisaidia ni yule aliyesema tatizo langu ni fikra za "yote au basi", mojawapo ya fikra potofu ambazo Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alianza kuzichambua miaka ya 1960.

Alinielekeza niliandike wazo likinijia, kisha nilijibu kwa ushahidi. Wazo: "Jana nimekosa, sina nidhamu." Ushahidi: utafiti wa Phillippa Lally na wenzake (2010) ulionyesha tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine 18, wengine hadi makadirio ya 254, na kuruka siku moja hakukuharibu lolote la maana. Wazo: "Dakika tano ni bure." Kumbe Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, liliondoa sharti la kila kipindi kufika dakika 10. Zote zinahesabika.

Sasa nikikosa, kesho yake natembea kidogo, basi. Uzito haujashuka sana, na ushauri wa kujipima kila asubuhi nimeupuuza makusudi.

Linalonisumbua bado ni wazo kwamba jimu nzima inanitazama. Mwenye mbinu ya hilo anisaidie.