Taarab, bashraf, dansi au kimya: tunaoandika tasnifu hapa Tanga tunasikiliza nini?

BintiChumbageni

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Nawauliza walio kwenye uzamili na uzamivu, hasa sisi tunaosoma kwa masafa kupitia kituo cha Chuo Kikuu Huria huku kazi na familia vinaendelea. Mchana niko kazini, jioni ni ya watoto, na meza haiwi yangu mpaka saa tatu usiku. Mtaa wetu nao haulali mapema: bodaboda, televisheni ya jirani, na msimu huu wa harusi ndiyo kabisa. Kimya sikipati hata nikikitaka, kwa hiyo lazima nichague mwenyewe sauti ya kufunika hizo nyingine.

Niko sura ya pili, mapitio ya maandiko. Hivi ndivyo ninavyoviona vile nilivyovijaribu.

Taarab ya zamani, ile yetu ya Black Star na Lucky Star, naipenda kuliko vyote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mashairi yale yalitungwa yasikilizwe. Shakila akianza ubeti, akili inakwenda kutafuta fumbo limefichwa wapi na analengwa nani, na ile aya niliyokuwa naisoma inabidi nianze upya. Nikiwa jikoni, au natembea kwenda kupanda daladala, hakuna kinachoifikia. Mezani naizima.

Bashraf ndiyo iliyoniokoa. Kwa asiyezijua, ni vile vipande vya ala tupu ambavyo vikundi vya taarab vya Unguja hufungulia onyesho kabla mwimbaji hajasimama. Asili yake ni huko kwa Waturuki na Waarabu. Unasikia kanuni, udi, fidla, nai, dumbaki kwa chini, na hakuna anayesema neno. Ikhwani Safaa wanapiga taarab tangu 1905, na bashraf bado zinapigwa mpaka leo. Naweka moja, naandika, ikiisha naendelea na nyingine. Nimeandika kurasa nzuri kabisa humo ndani.

Lofi za YouTube, ule mdundo laini unaojirudia saa nzima, hazisumbui hata kidogo, ila zinamaliza bando, na ikifika saa tano usiku zinanilaza. Sauti za mawimbi za kwenye simu sizitaki. Mtu anayeweza kushuka Raskazone akayasikia yenyewe hana haja ya kurekodiwa.

Nina swali la pili, na ndilo linalonikereketa zaidi. Msimamizi akirudisha kazi imejaa maoni ya rangi nyekundu mwanzo hadi mwisho, kifua kikabana, usingizi ukapotea, mnasikiliza nini? Maana bashraf inanisaidia kuandika, lakini usiku wa namna hiyo hainitulizi.

---

Mkonge_Muheza

Dada, mimi niko upande wa kilimo, na kazi yangu kubwa sasa ni kuingiza majibu ya madodoso kwenye kompyuta. Kwa kazi hiyo naweka dansi la kwetu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Watu wanaisifu Dar es Salaam, lakini magitaa ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 yana utamu wake. Wimbo unaanza taratibu, baadaye unaingia kwenye chemko, magitaa yanapokezana, na mkono nao unafuata mwendo. Bila hayo nalala juu ya kibodi.

Kuandika ni kitu kingine, hapo nakubaliana nawe. Ila maneno na namba havigombani, kwa hiyo kwenye data nawaachia waimbe tu.

---

Mwalimu_wa_Saikolojia

Kaka Mkonge, hapo kwenye namba nisikilize kidogo, kwa sababu ni fani yangu na nisingependa data zako ziharibike.

Mwaka 1989 Pierre Salamé na Alan Baddeley walichapisha utafiti ambao hasa ulihusu namba. Watu walionyeshwa tarakimu moja baada ya nyingine, kisha wakatakiwa kuziandika kwa mpangilio uleule, ama kwenye kimya, ama huku muziki unapigwa. Nyimbo zenye maneno ziliwaharibia zaidi kuliko ala tupu. Na ala tupu nazo hazikukishinda kimya. Sababu yake ni kwamba tunapokumbuka mfululizo wa namba kwa muda mfupi, huwa tunazitamka ndani kwa ndani, na sauti ya binadamu inayoingia masikioni inataka kupita njia hiyohiyo. Hata lugha usiyoielewa inaweza kukuvuruga, kwa hiyo wanaosema "mimi nasikiliza Kihindi, sielewi kitu" hawajasalimika sana.

Kwa hiyo kama unasoma "4, 2, 5, 1, 3" kwenye karatasi, unazishika kichwani, halafu unageukia kompyuta kuziandika, mwimbaji anakuingilia palepale.

---

Mkonge_Muheza

Nimekupata, mwalimu. Lakini mimi sishiki mfululizo. Nachapa jibu moja nikiwa naliangalia, nashuka la pili, na baada ya kila madodoso ishirini narudi kulinganisha na karatasi. Makosa ni machache na yanaonekana. Adui yangu ni kuchoka saa nane mchana, joto la Muheza likiwa limekaa juu ya bati, na huyo dawa yake ni Atomic. Nitakachobadilisha ni zile namba ndefu za utambulisho wa kaya, hizo nitaziingiza bila mwimbaji.

---

Lushoto_Juu

Bwana asifiwe. Mimi ni mtu wa kwaya, na kwenye kusoma naweka piano ya nyimbo za tenzi bila maneno. Shida ni kwamba maneno yenyewe nayajua, kwa hiyo yanakuja hata yasipoimbwa! Nimeshauriwa nihamie kwa Mozart kwa sababu eti anaongeza akili. Kuna ukweli?

---

Mwalimu_wa_Saikolojia

Habari hiyo imetoka kwenye utafiti wa 1993 wa Frances Rauscher na wenzake huko California, uliotoka kwenye jarida la *Nature*. Wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza dakika 10 za sonata ya piano mbili ya Mozart, kisha wakafanya maswali ya kufikiri maumbo, kama vile karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwaje ikikunjuliwa. Walifanya vizuri zaidi kuliko walipokaa kimya, lakini faida ilikwisha ndani ya kama robo saa. Habari za kuongeza akili ziliongezwa mitaani.

Kilichonivutia mimi kilikuja 2001, watafiti wa Kanada walipolinganisha kipande kichangamfu cha Mozart na kipande cha mtunzi mwingine, cha polepole na cha huzuni. Kile kichangamfu kilisaidia, cha huzuni hakikusaidia, na tofauti ikaelezwa na jinsi watu walivyochangamka na kufurahi. Na angalieni, katika tafiti hizi mbili za Mozart muziki ulisikilizwa *kabla* ya kazi. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wangu: chagua wimbo unaokuamsha, hata kama ni singeli, usikilize wote kabla hujakaa, halafu zima uanze. Huhitaji Mozart kama si wako.

---

Ustadh_Makorora

Maa shaa Allah, mada nzuri. Naongeza jambo moja kwa Waislamu wenzangu, maana nawaona vijana wengi wakiweka kisomo cha Qur'ani chinichini huku wanachapa kazi zao. Nia yao ni njema. Lakini katika Surat al-A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa inaposomwa Qur'ani tusikilize na tunyamaze. Kisomo hakistahili kuwa kitu cha kufunikia kelele za bodaboda. Nifanyavyo mimi ni kuweka kazi pembeni kabisa, nikasikiliza juzuu au sura moja kwa moyo wote, halafu nikarudi mezani. Na dada Binti, huu usiku wako wa maoni mekundu ndio mahali pake hasa. Usiianze kazi, usijibu barua ya msimamizi. Sikiliza kwanza.

Kaswida ni mlango mwingine. Zile za dufu na vijana wengi wanaoitikia zinachangamsha, na mimi huziweka nikipanga vitabu na karatasi.

---

BintiChumbageni

Ustadh, jazakallah kheir. Hilo la kutoijibu barua usiku uleule nalibeba kama lilivyo.

---

MwanaBagamoyo

Majirani zetu wa Tanga, salamu kutoka Bagamoyo. Nami natetea ala za bara kidogo, maana mmejaza udi na kanuni. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya kazi miaka mingi katika chuo chetu cha sanaa, hiki kinachoitwa sasa TaSUBa, alitupigia ilimba, ile ala ya vijichuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze mpaka alipofariki 2003. Ilimba ikipigwa peke yake, vijichuma vinajibizana, sauti inajirudia na kubadilika kidogo kidogo bila kukuvuta shingo. Kwa kusoma makala ndefu sijapata kinachoishinda. Sehemu za kuimba naziruka, na mwalimu ameshaeleza kwa nini.

Kuhusu msongo lakini, nina neno zito zaidi. Wote humu mnazungumzia muziki wa kusikilizwa, mtu na hedifoni zake. Mimi niko mwaka wa tatu wa uzamivu, na kilichonivusha ule wakati proposo yangu ilipokataliwa ni kupiga ngoma na wenzangu jioni. Huwezi kupiga ngoma huku unawaza sura ya nne. Ukiwaza tu, umeshatoka kwenye mpigo na wenzako wanakutazama. Mikono, pumzi na masikio vyote vina kazi, na saa nzima inapita hujaijua. Halafu kuna watu pale, wanakuuliza mbona jana hukuja. Hedifoni haikuulizi hivyo. Upweke ndio unaotumaliza wanafunzi wa uzamivu kuliko ugumu wa masomo, nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona waliokaa ndani na tasnifu zao mpaka wakaacha.

---

BiMkubwa_Ngamiani

MwanaBagamoyo, umesema haki mwanangu. Nilimaliza uzamili nikiwa na wajukuu, na usiku wangu mgumu ulikuwa kama huu wa Binti. Nilichofanya ni kumwita shoga yangu wa barabara ya pili, tukakaa barazani tukaimba nyimbo za lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, tulizozikuta kwa mama zetu, moja baada ya moja, mpaka tukachoka. Binti, tafuta mtu wa kuimba naye. Sauti mbaya si hoja.

---

BintiChumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa. Nina dada wa mume anayezijua zote. Sijui kwa nini sikumfikiria.

---

Muuguzi_Tanga

Naingia kwa upande wa mwili, kwa ufupi.

Muziki wa mwendo wa kasi unapandisha pumzi, mapigo ya moyo na presha, wa taratibu unavishusha. Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walilipima hili kwa watu 24, wakalichapisha 2006. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba zile dakika 2 za kimya walizoziweka katikati ya vipande ndizo zilizotuliza zaidi: mapigo na presha vilishuka chini ya pale vilipokuwa kabla muziki haujaanza. Kwa hiyo Binti, usiziunganishe bashraf zako zifuatane mfululizo. Moja ikiisha, acha nafasi, vuta pumzi polepole, kisha weka nyingine.

La pili, masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Ukipandisha hadi 90, muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Anayefunika kelele za harusi kwa kuongeza sauti anafika huko bila kujua. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri ni bora kuliko kuongeza sauti, kwa sababu kelele ya nje inapungua na wewe unasikiliza chinichini.

Na kama usingizi umepotea kwa wiki mbili, chakula hakipiti, kila kitu kimekuwa kizito, hapo usitafute wimbo mwingine. Nenda kituo cha afya ukazungumze na mhudumu. Tunawapokea wanafunzi wa aina hiyo na wanapata nafuu.

---

Mkonge_Muheza

Kwa wanaolalamikia bando: pakueni sauti peke yake, achaneni na video. Saa moja ya sauti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58 tu, na ukishaihifadhi unaisikiliza hata mtandao ukipotea. Tena simu ikiwekwa hali ya ndegeni, meseji za makundi ya harusi haziingii. Faida hiyo pekee inatosha.

---

BintiChumbageni

Nimesoma yote, Mwenyezi Mungu awalipe. Nitakavyofanya kuanzia kesho: wimbo mmoja wa Black Star nikiwa naosha vyombo, wote mpaka mwisho, ili nikae mezani nimechangamka. Kisha bashraf na vile vituo vya kimya katikati. Ilimba nitaijaribu kwenye kusoma makala. Maoni ya msimamizi nitayafungua asubuhi tu, na Alhamisi jioni ni ya wifi yangu na lelemama.

Bashraf nilizonazo nyingi zimebebwa na akordiani, nami natafuta ambazo udi unasikika mbele. Nani anazo?

---

Mwalimu_wa_Saikolojia

Ninazo, za udi na za kanuni. Jumamosi niko maktaba ya mkoa tangu inapofunguliwa hadi adhuhuri, meza za upande wa dirishani. Njoo na flashi, na kaka Mkonge akiwa mjini aje na ya kwake, nataka magitaa ya Jamhuri Jazz.