Je, sauti za kuvuta mawimbi ya ubongo hutuliza kweli?

Mkazi wa Tabata:
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Tabata, jirani na baa ambayo muziki wake haukomi hadi usiku wa manane, na baada ya kulalamika kazini kwamba sipati usingizi, kijana mmoja aliniuzia faili za sauti akidai kuwa mdundo wake huyavuta mawimbi ya ubongo yaufuate, hivyo kumwondolea mtu wasiwasi. Mimi huzicheza kwa spika ya simu kando ya kitanda, na kwa kweli hutulia kiasi. Je, jambo hili lina msingi wa kisayansi au ni biashara tu? Naomba kuwasilisha.

Fundi Spika:
Ndugu mleta mada, msingi upo, ila si kwa namna unavyozisikiliza. Sikio la kushoto hupewa mlio wa mitetemo 200 kwa sekunde, la kulia 210, na ubongo wenyewe ndio unaotunga mdundo wa mara 10 kwa sekunde ambao hewani haupo. Mwanafizikia wa Prussia, Heinrich Wilhelm Dove, aliligundua jambo hili katika karne ya 19, na mwaka 1973 makala ya Gerald Oster ikaliamsha upya. Sharti lake ni hedifoni zinazosikika pande zote mbili. Zile za bei chee za Kariakoo, upande mmoja ukishakufa, hukuachia mlio mkavu usio na mdundo wowote. Kwenye spika ya simu milio huchanganyika kabla ya kukufikia, kwa hiyo unachosikia ni mdundo wa kawaida, kama wapiga gitaa wanavyousikia nyuzi mbili zinapokaribia kulingana.

Muuguzi wa Zamu:
Naomba niongezee. Hans Berger wa Ujerumani alichapisha mwaka 1929 habari za mawimbi ya alfa, yaani mapigo ya umeme wa ubongo yenye mizunguko kama 8 hadi 13 kwa sekunde, ambayo huonekana zaidi mtu anapofumba macho na kutulia. Wauzaji wamelishika hilo na kuligeuza, kana kwamba ukiyaleta mawimbi, utulivu utakuja wenyewe. Mapitio ya tafiti 14 yaliyotoka mwaka 2023 yalikuta 5 zikiunga mkono dai kwamba ubongo hufuata mdundo, 8 zikilipinga na 1 ikiwa katikati. Hata hivyo, mwaka 2005 wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji walipimwa, na wasiwasi ulipungua kwa takriban asilimia 26 kwa waliosikiliza sauti zenye mdundo, dhidi ya 11 kwa waliosikiliza sauti zisizo nao. Kwa maoni yangu, wewe unatulia kwa sababu sauti laini inafunika kelele za baa, na faida hiyo ungeipata bure kwa feni. Tatizo likiendelea kwa miezi, muone daktari.

Mkazi wa Tabata:
Nashukuru sana. Je, ninaweza kujipima mwenyewe nikinunua hedifoni nzuri?

Fundi Spika:
Unaweza. Mwombe mtu akuandalie faili mbili, moja ikiwa na mlio uleule masikio yote, asikwambie ipi ni ipi, nawe uandike kila asubuhi ulivyolala. Sauti iwe ya chini, na fedha za kijana huyo usiziongeze kabla hujafungua majibu.