Naomba ushauri: dawa za kubeba safari ya milimani

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunatoka Dar watu wanne kwenda Usambara, Lushoto mpaka Mtae kwa miguu siku 4, na mimi ndo nimebebeshwa mambo ya dawa. Nimekusanya plasta, gozi, bandeji ya kuvutika, spiriti, panadol na ORS pakiti 6, nikashindilia kwenye kopo la Blue Band, sasa kifuniko hakifungi na begi tayari kilo 11. Safari iliyopita nilibeba plasta tu, lengelenge la kisigino likapasuka nikashuka mlima na ndala, aibu tupu.

Hapo nipunguze nini? Na mwenzetu mmoja ana pumu, pampu yake moja inatosha au tubebe na ya akiba?