Kondoo wa kuchunga: pumba, mashudu au lusina kumwongezea uzito?

Mchunga_Kongwa
Wakuu, habari za jioni. Nina kondoo wa kichwa cheusi na chotara wa Dorper (aina ya kondoo wa nyama). Asubuhi wanatoka kuchunga, jioni wanarudi zizini. Masika wananawiri, ila ikifika Agosti nyasi zimekauka na wanakonda. Kuna madume nimeyatenga kwa mnada wa Desemba, nataka niyaongezee chakula jioni. Mashine za kukamua alizeti huku zipo kibao, mashudu (makapi yanayobaki) hayakosekani. Pumba za mahindi gunia lake ni bei chee. Jirani naye ananiambia nipande lusina, ule mti wa majani ya malisho. Kipi kitalipa?

Mtu_wa_Pumba
Pumba mkuu, usihangaike. Jaza hori, wale washibe.

Vet_Mstaafu
Hapo kwenye "jaza hori" ndipo mifugo inapofia. Nyasi za Agosti zimepungukiwa protini. Ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi vinazorota, kondoo anaacha kula hata kama malisho bado yapo. Mashudu ya alizeti, hata yale yenye maganda mengi, yana protini karibu mara mbili ya pumba. Ukimpa kidogo, kesho yake anakula nyasi zaidi. Ukimshindilia pumba, atasimama mlangoni kusubiri hori.

Changanya nusu kwa nusu, gramu 200 hadi 300 kwa dume kwa siku, na ufike hapo taratibu ndani ya wiki mbili. Halafu pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, madume yanapata mawe kwenye njia ya mkojo. Ukiona dume anajikamua na mkojo unatoka matone matone, angalia nywele za kwenye mdomo wa ngozi inayofunika uume: zikiwa na chembechembe ngumu, muite daktari siku hiyohiyo. Kuzuia hayo, weka chokaa ya mifugo ndani ya mchanganyiko, chumvi, na maji muda wote.

Mama_Lusina
Lusina ninayo, naipenda, lakini mleta mada ameshachelewa. Miche ya sasa haitamsaidia Desemba hii. Apande mvua zikianza, kwa ajili ya mwakani. Na isizidi theluthi ya chakula, ina sumu inayonyonyoa manyoya. Kwa sasa aokote maganda ya migunga, ni ya bure. Ayaponde tu, la sivyo mbegu zinatoka nzima kwenye kinyesi.

Ngosha_wa_Simiyu
Kwetu ni mashudu ya pamba, nayo yako vizuri. Ila jamani, msiwape kondoo chakula cha kuku wala madini ya ng'ombe! Shaba iliyomo humo inajikusanya kwenye ini, siku moja unakuta mnyama kageuka njano na mkojo mwekundu.

Mchunga_Kongwa
Nashukuruni wakuu. Kwa gunia pumba ni rahisi, lakini nikipiga hesabu ya protini, mashudu ndiyo rahisi. Naanza na nusu kwa nusu. Na dawa ya minyoo?

Vet_Mstaafu
Kabla hujaanza. Ukivuta kope la chini ukaona peupe, huyo huenda ana minyoo inayonyonya damu, mashudu yako yataishia huko. Na hori liwe refu, sentimita 30 kwa kila dume, maana wababe hawaachi kitu.

Mtu_wa_Pumba
Basi mimi nitauza pumba kwa wenye nguruwe 😂