Naomba ushauri: niuze mashua ya marehemu baba kama ilivyo au niitengeneze kwanza?

Habari zenu wakubwa. Nina mashua ndogo ya tanga, futi 14, aliyoiacha marehemu baba. Iko Kunduchi juu ya magogo, chini ya mti wa mkungu, haijagusa maji tangu msimu wa kusi wa mwaka juzi.

Mwili wake ni mvule na bado mzima. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umenyooka. Mataruma, yaani mbavu za chombo, nimeyagonga moja moja kwa nyundo, yote yanalia vizuri isipokuwa mawili ya upande wa tezi (nyuma), hayo sauti yake ni bubu. Shida kubwa ni ukavu: mbao zimesinyaa, ncha ya kisu inaingia kwenye maungio na pamba ya kalafati, ile ya kuziba maungio, inachomoka nyuzi nyuzi. Tanga limechanika pembeni, mlingoti salama.

Fundi anasema nipige kalafati upya, nibadilishe hayo mataruma, nipake deheni ya kukinga mbao, ndipo nitafute mteja. Jirani anapinga: anayejua vyombo anataka kuona mbao, rangi mpya inamtia wasiwasi kuwa kuna kitu kimefichwa. Hilo limeniingia, maana hata baba hakuwa ananunua chombo kilichopakwa rangi jana.

Juzi alikuja dalali, akapiga hesabu ya mbao tu. Nilimrudisha. Sitaki ipasuliwe, nataka impate mtu atakayeitweka tanga.

Mliowahi kuuza chombo cha mbao hapa Dar, bei mliipangaje? Na wateja wa namna hiyo niwatafute Msasani, Kigamboni, au nivuke Unguja?