Kuachia mpira wa bolingi: mkono nyuma, kuzungusha kiganja, au mikono miwili?

Jumamosi_Bolingi: Habari wanajamvi. Nina mwaka sasa nacheza kila wiki hapa Nairobi, mkono wa kulia, kwa mipira ya ukumbi. Mpira wangu unanyooka vizuri, lakini nikiigonga pini ya mbele katikati, mara nyingi zinabaki mbili za nyuma, moja kila pembe. Wenzangu wanaupinda mpira na straiki (kuangusha pini zote kumi kwa mpira mmoja) zinawajia. Nijifunze kuzungusha kiganja, nibaki na mkono nyuma ya mpira, au nihamie mikono miwili?

Pini_ya_Tatu: Jifunze kupinda, mkuu. Kwa sisi wa mkono wa kulia mlango ni kati ya pini ya 1 (ile ya mbele) na ya 3 (iliyo nyuma yake kulia), na mpira unauingia vizuri ukiwa na pembe ya nyuzi 6 hivi. Njia ina upana wa kama mita 1.05 tu, na kutoka mstari wa kuachia hadi pini ya mbele ni mita 18.29. Hata ukiurusha kutoka ukingoni kabisa, mpira ulionyooka haufikishi nyuzi 2. Ukishagonga, pini zinausukuma nje ya mstari wake.

Gumba_Kwanza: Kupinda sawa, ila asianze kwa kuzungusha kiganja. Nilifanya hivyo miezi mingi na nilichopata ni maumivu ya kifundo cha mkono. Kinachopinda mpira ni mpangilio wa vidole kutoka: gumba linatoka kwanza, halafu kidole cha kati na cha pete vinauinua mpira kwa nyuma. Tazama mpira kutoka juu kama saa iliyolazwa sakafuni, namba 12 ikielekea kwenye pini. (Nasema namba zilizoandikwa kwenye saa, si kuhesabu saa kwetu, maana hapo wengi hupotea.) Vidole vinashuka vikiwa kwenye 6, na gumba likishatoka vinasogea hadi 4. Ukigeuza mapema, mkono unaishia juu ya mpira, nguvu yote inapotea na mpira unazunguka kama pia.

Mtanga_Dubai: Mimi nipo Dubai, natumia mikono miwili. Gumba haliingii tunduni; mkono wa kushoto unaushikilia mpira mpaka karibu na kuachia, na mzunguko unakuwa mkubwa sana. Jason Belmonte wa Australia alianza hivyo akiwa mtoto mdogo, kwenye ukumbi wa wazazi wake, kwa sababu mpira ulikuwa mzito kwake. Leo ana mataji makubwa 15 ya PBA, chama cha wachezaji bolingi wa kulipwa cha Marekani. Lakini mgongo unainama sana na hatua zako zote zitabadilika. Kama una mwaka mmoja tu, anza na gumba.

Pini_ya_Tatu: @Gumba_Kwanza nakubali kuhusu gumba. Lakini kwa mpira wa ukumbi atasubiri sana. Ni plastiki inayoteleza, na matundu yake yanameza vidole hadi kiungo cha pili, kwa hiyo gumba na vidole hutoka karibu pamoja. Mipira ya kupinda hutobolewa kwa kipimo cha mkono wako, vidole vikaingia hadi kiungo cha kwanza tu.

Gumba_Kwanza: Ndiyo maana nasema abaki nyuma ya mpira kwanza. Walter Ray Williams Jr. ana mataji 47 ya PBA, na mpira wake ulinyooka kuliko ya wengi wa enzi zake. @Jumamosi_Bolingi, usilenge pini ya mbele. Simama kulia kidogo, angalia mshale wa pili kutoka kulia kati ya ile iliyochorwa kwenye njia, na umalize mkono ukiwa kama unampa mtu mkono wa salamu.

Jumamosi_Bolingi: Nimerudi, wakuu. Jana nimefanya hivyo michezo mitatu. Mpira umepinda kidogo tu mwishoni, pale mafuta yanayopakwa kwenye njia yanapoisha, lakini zile mbili za pembeni zimebaki mara moja tu. Gumba bado linakwama. Nibadili mpira?

Gumba_Kwanza: Chagua mpira wenye tundu tofauti la gumba, uzito uache uleule. Gumba liingie lote na litoke bila kuvutwa. Ukijikuta unalibana ili mpira usidondoke, tundu hilo ni kubwa mno.